Nyumba na Jamaa: Ni Nani Afanyaye Bei ya Kiwanja cha Dumila?



Ndugu zetu wasomaji, mwezi hata mwezi ukurasa huu huzungumza habari za nyumba kwa maana ya watu waliomo: malezi ya watoto, haki za mke na mume, adabu za jirani, na matumizi ya fedha. Mwezi huu twapenda kuizungumza nyumba yenyewe, kuta zake na paa lake, na zaidi ya hayo ile ardhi iliyo chini yake. Maana nyumba haianzi kwenye msingi. Nyumba huanza kwenye ardhi, na ardhi iliyopatikana pasipo haki haiwezi kubeba nyumba yenye amani, hata kama msingi wake umejengwa kwa mawe na saruji.

Vijana wengi siku hizi huweka akiba kidogo kidogo ili wapate kiwanja. Wazee nao, wakibanwa na ada za shule au maradhi, huuza kipande cha shamba walichoachiwa na baba zao. Wote hao hukutana katika neno moja, nalo ni bei. Mnunuzi huuliza, “Bei gani?” na muuzaji huuliza, “Utatoa ngapi?” Lakini ni wachache wanaouliza lile swali lililo kubwa kuliko hilo: bei hii imefanywa na nani?

Ili jambo hili lifahamike, natutazame mahali pamoja palipo wazi mbele ya macho ya kila msafiri. Natutazame Dumila.

Dumila iko katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Mtu akitoka Morogoro kuelekea Dodoma hukuta hapo njia panda: barabara kuu yaendelea mbele kwenda Dodoma, na nyingine yakata kwenda Rudewa hata Kilosa mjini. Kandokando yake ni nchi ya kilimo, mahindi na mpunga, na mito ishukayo kutoka milimani kwenda bonde la Wami. Mabasi husimama, akina mama huuza mazao yao, na nyumba mpya za tofali huota pembezoni mwa zile za udongo.

Sasa, chukua ekari mbili za udongo mmoja. Moja iko karibu na njia panda, nyingine iko mbali ndani, ambako baiskeli hufika kwa taabu wakati wa masika. Mahindi yaliyopandwa katika ekari zote mbili hayatofautiani. Lakini mtu akitaka kuzinunua ataambiwa bei mbili zisizofanana hata kidogo. Je, ni udongo uliozitenga bei hizo? La. Ni jasho la mwenye shamba? La, maana wote wawili wametoka jasho sawa. Kilichozitenga ni barabara, na barabara haikujengwa na mwenye shamba. Ilijengwa kwa amri ya serikali na kwa fedha za umma.

Hili ndilo jambo ambalo twataka kila nyumba ya Kiislamu ilifahamu. Katika mji mdogo kama Dumila, bei ya ardhi hufanywa na kalamu ya serikali zaidi kuliko jembe la mkulima au mwiko wa fundi. Kalamu hiyo hupandisha, na kalamu hiyo hiyo hushusha. Aijuaye mapema hupata faida. Asiyeijua huuza kwa hasara au hununua msiba. Na hapo katikati, baina ya ajuaye na asiyejua, ndipo palipo na mtihani wa dini yetu.

Natuanze na mambo yaliyopita, kwani mambo ya leo yana mizizi.

Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakati wa Waingereza, ardhi ya Tanganyika iliwekwa chini ya mamlaka ya Gavana, na raia akapewa haki ya kuitumia. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilifuta umilikaji wa ardhi wa milele waliokuwa nao watu wachache, hasa walowezi na makampuni. Ikawa ardhi yote ni ya umma, na mtu hupewa muda wa kuishika: miaka 33, au 66, au 99. Kwa kanuni ya siku zile, ardhi tupu haikuwa na bei mbele ya sheria. Mtu aliruhusiwa kuuza alichokiendeleza juu yake: nyumba, kibanda, minazi, miembe.

Je, watu waliacha kuuziana ardhi? Hawakuacha. Mtu alichimba msingi wa hatua chache, au alipanda migomba kadhaa, kisha akauza “maendelezo” hayo kwa fedha ambazo migomba yenyewe isingeweza kuzizaa katika umri wake wote. Hati ikasema migomba, na mikono ikapeana ardhi. Basi tuone jinsi sheria isiyolingana na maisha ya watu inavyowafunza watu kuandika lisilo kweli. Hilo ni dhara la kwanza, nalo ni dhara la tabia kabla ya kuwa dhara la mali.

Katika mambo ya nyumba, serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, lijenge nyumba bora kwa wananchi. Mwaka 1971 ilitoka sheria ya kutwaa majumba: nyumba zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ambazo wenyewe walikuwa wamezipangisha, zikawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Kisha ikaanzishwa Benki ya Nyumba, iwakopeshe wajengao. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ili mpangaji asionewe. Nayo ikafutwa mwaka 2005.

Msomaji atasema, “Haya ni mambo ya Dar es Salaam, Dumila yaingiaje?” Yaingia hivi. Sheria hizo zilikuwa na nia ya kumhurumia mnyonge, na hatuzidharau. Lakini mwenye akiba alipoona kwamba nyumba kubwa ya kupangisha yaweza kutwaliwa, na kodi yake yaweza kupangwa na mtu mwingine, aliogopa kujenga nyumba kubwa ya kupangisha. Kazi ya kuwapa watu makazi ikabaki mikononi mwa watu wadogo, ajengaye chumba kimoja mwaka huu na cha pili mwaka ujao. Tazama miji yetu midogo yote: ile nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, mwenyewe amekaa viwili na vinne amepangisha. Hiyo ndiyo nyumba iliyobeba taifa, wala haikujengwa na shirika lolote. Imejengwa tofali kwa tofali na mtu asiyekuwa na benki, na mara nyingi asiyekuwa na hati.

Kwa upande wa mashamba, kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali iliwahamishia watu katika vijiji. Mamilioni walihama nchini kote. Wengine waliacha mashamba ya mababu wakapewa mahali pengine, ambapo nako palikuwa na mababu wa watu wengine. Hayakuandikwa kwa ukamilifu. Ndiyo sababu hata leo, katika vijiji vingi, wajukuu hugombana juu ya mpaka ambao babu wa kwanza aliuonyesha kwa mti, na babu wa pili alionyeshwa kwa kamba.

Kesi za namna hiyo zilifika mbali. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Mwanasheria Mkuu na Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali kamili ambayo Katiba inailinda, wala mtu hawezi kunyang’anywa pasipo fidia ya haki. Hukumu hiyo ilimwinua mkulima asiye na karatasi. Baada yake zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Sheria hizo zilikiri wazi kwamba ardhi ina thamani, na kwamba anayeondolewa katika ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Sasa tunafika kwenye Dumila ya leo.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yawe Dodoma. Kwa miaka mingi neno hilo lilikwenda polepole, hata mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yahamia Dodoma kwa kweli. Mtu wa Dumila hakuulizwa, wala hakuhitaji kuulizwa. Lakini magari ya abiria na ya mizigo baina ya Dar es Salaam na Dodoma hupita mlangoni pake. Tena ile barabara ya Dumila, Rudewa na Kilosa ikawekwa lami kwa vipande. Tena huko Mbigiri, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, kikajengwa kiwanda cha sukari cha Mkulazi, kilichozinduliwa mwaka 2024. Mahali palipo na kiwanda pana wafanyakazi, na mfanyakazi hutaka chumba, na anayetaka chumba humfanya mwenye kiwanja afikiri upya.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linaloitwa sera ya nyumba. Hata hivyo yote hufanya kazi ya sera ya nyumba. Huyu ameongezewa thamani akiwa amelala. Yule amepandishiwa kodi ya chumba akiwa kazini.

Kalamu nyingine ni ile ya mpaka baina ya kijiji na mji. Sheria zetu zimeigawa ardhi mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji, na ardhi ya jumla, ambayo ndani yake imo ardhi ya miji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na mambo makubwa hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyeji hupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mahali pakitangazwa kuwa eneo la mpango wa mji, hupimwa viwanja, huwekwa mawe ya mipaka, na mtu hupata hati ya miaka.

Baina ya hali hizo mbili kuna wakati wa giza. Kijiji kimekwisha kuwa kikubwa kama mji, lakini ramani bado haijatoka. Watu wamesikia kwamba wapimaji watakuja, lakini hawajui lini. Wakati huo ndio wakati wa wajanja. Mtu atoka mjini, amekwisha kuiona ramani au amesikia maneno ya ofisini, aja kwa upole na kanzu nyeupe, asema, “Mama, shamba hili halina faida tena, niuzie nikusaidie.”

Natuchukue mfano, nao si habari ya mtu maalum bali ni mfano wa wengi. Mjane ana ekari mbili na watoto wanne mayatima. Ekari hiyo kwa bei ya shamba ni fedha ya kulipa ada ya mwaka mmoja na kununua mabati. Ekari hiyo hiyo, ikipimwa, hutoa viwanja kadhaa, na kiwanja kimoja tu chaweza kuuzwa kwa fedha zaidi ya shamba zima. Mnunuzi anajua, mjane hajui. Mnunuzi alipa taslimu mbele ya mashahidi, mjane atia dole gumba, na kwa macho ya watu biashara ni safi. Baada ya mwaka mawe ya mipaka yanawekwa. Wale mayatima, waliokuwa na shamba, sasa ni wapangaji katika chumba kilichojengwa juu ya shamba la baba yao.

Twauliza: je, hiyo ni halali? Hatuketi hapa kutoa fatwa. Hiyo ni kazi ya wanazuoni. Lakini kila mtoto wa madrasa amefundishwa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkemea mfanyabiashara aliyeificha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu. Amefundishwa pia kwamba mali ya yatima ni moto kwa anayeila kwa dhuluma. Mwenye kununua kwa mjane aliye na mayatima, naye ameficha anachokijua kwa makusudi ili ainunue haki yao kwa thamani ndogo, na ajiulize usiku, taa imezimwa, kama ile nafaka yake ilikuwa kavu yote.

Wala tusimlaumu mnunuzi peke yake. Kuna wauzaji wanaowauzia watu kiwanja kimoja mara mbili. Na kuna wanaouza mahali ambapo wao wenyewe wanajua kwamba hapajengwi. Hapa ndipo twafikia ile kalamu inayoshusha.

Dumila iko kando ya barabara kuu, na barabara kuu ina hifadhi yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi hiyo kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa nje ya hifadhi jana ikajikuta ndani leo, pasipo kusogea hata hatua moja. Watu wa kandokando ya barabara zetu kuu waijua vema ile alama ya X ukutani. Yule ambaye sheria ilimfuata alipokwisha kujenga ana haki ya kudai fidia eneo lake likihitajiwa. Lakini yule aliyeifuata barabara, akajenga ndani ya hifadhi, hana la kudai. Fikiri sasa juu ya kijana aliyetoa akiba ya miaka saba kununua banda la biashara lenye mahali pazuri mno, mbele kabisa, ambapo magari yote yaliona. Alinunua uzuri wa mahali. Hakuuliza urefu wa mita.

Kalamu ya pili inayoshusha imeandikwa kando ya mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huiona kuwa sheria ya kuwasumbua maskini, maana ardhi ya mtoni ni rahisi na ina maji karibu. Lakini watu wa Dumila na Magole hawahitaji kufundishwa na kitabu. Januari 2014 mto Mkundi ulifurika. Maji yaliingia majumbani, barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika hapo kwa muda, na jamaa nyingi wakalala chini ya mahema. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yalikuwa yamewatoa maelfu ya watu wa Kilosa katika makao yao.

Maji yakikauka, bei ya viwanja vya bondeni hushuka, na kwa sababu imeshuka, maskini hununua tena. Miaka michache baadaye hakuna anayekumbuka, bei hupanda kidogo, na msiba husubiri mvua. Muuzaji anayejua kwamba maji yalifika dirishani, naye akapaka chokaa upya ili alama isionekane, huyo amefanya lile lile la nafaka iliyolowa.

Ndugu wasomaji, baada ya kueleza ugonjwa, si vema kuondoka pasipo dawa. Nasi twatoa shauri letu kwa kila mmoja mahali pake.

Kwa kijana anayenunua. Kabla ya kuuliza bei, uliza mambo manne. Kwanza, ardhi hii ni ya kijiji au ya mji? Ikiwa ya kijiji, halmashauri ya kijiji ihusishwe, na mwenyekiti peke yake si halmashauri, hata kama ana muhuri mfukoni. Ikiwa ya mji, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya ukaulize ramani. Mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi wa ujirani, si mgawaji wa viwanja. Pili, muuzaji ameipataje? Ikiwa ni mirathi, nunua kwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si kwa kaka mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Tatu, barabara iko mita ngapi, na mto uko mita ngapi? Chukua kamba upime mwenyewe. Nne, nenda siku ya mvua, kisha waulize majirani wazee. Kiwanja kilichotazamwa wakati wa jua peke yake hakijatazamwa.

Kwa mzee au mama anayeuza. Usiuze kwa haraka, wala usiuze kwa siri. Mgeni akija na fedha taslimu na kukuharakisha, jua ya kuwa haraka hiyo ina sababu ambayo hakuambia. Pita ofisi ya kijiji uulize kama kuna mpango wa kupima. Waulize watoto wako waliosoma. Ikiwa shida ni ya ada au ya tiba, uza kipande, usiuze shamba zima. Na ikiwezekana kodisha. Sheria yetu ya dini inampa mshirika katika mali haki ya kwanza ya kununua fungu la mwenziwe, nayo ndiyo shufaa. Hekima yake ni kwamba mali isiingiwe na mgeni kabla ya wenyewe kuulizwa. Basi waulizeni jamaa kwanza.

Kwa mume na mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wa wanandoa kuiuza wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Wako waume wanaoliona neno hili kuwa ni kumpandisha mwanamke kichwani. Sivyo. Mke ndiye aliyepika chini ya paa hilo na kulea ndani ya kuta hizo. Kumwuliza ni adabu kabla ya kuwa sheria. Na mnunuzi mwenye akili huitaka sahihi ya mke, maana nyumba iliyonunuliwa kwa siri ya mmoja hurudi kwa kesi ya wa pili.

Kwa wote, andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ihusuyo kuandika madeni na kuweka mashahidi, nayo imo katika Suratul Baqarah. Mwenyezi Mungu hakulifanya jambo hilo refu kwa bure. Wazee wetu nao walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni ukubwa wa kiwanja kwa mita, majina ya majirani wa pande nne, fedha iliyotolewa na iliyobaki, na tarehe. Msiandike “migomba” mkimaanisha ardhi. Zama hizo zimepita.

Kwa wazee wa misikiti yetu. Misikiti mingi ya miji midogo imejengwa juu ya kiwanja alichotoa mtu mwema kwa ulimi wake, mbele ya watu ambao sasa wengi wao wamekwisha kufa. Siku bei itakapopanda, wajukuu wa yule mwema watakuja kuuliza. Wakfu usioandikwa ni fitina iliyowekwa akiba. Sajilini udhamini, pimeni kiwanja, wekeni hati kwa jina la wadhamini, wala si kwa jina la imamu wala la mwenye fedha.

Na kwa wenye mamlaka, twasema kwa heshima. Upimaji uliokuja baada ya watu kujenga huwa ni ubomoaji kwa jina jingine. Tangu miaka ya sabini serikali yetu ilijaribu mpango wa kupima viwanja na kuweka barabara na maji kabla ya watu kujenga, na mji wa Morogoro ulikuwa mmoja wa miji iliyoingia katika awamu ya pili ya mpango huo. Fikra hiyo haikuwa mbaya. Njia panda kama Dumila yahitaji kupimwa kabla haijajaa, na mpango wake usomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili kinachofahamika, ili habari imfikie mjane siku ile ile inayomfikia tajiri. Habari ikifika kwa wote kwa pamoja, mjanja hana cha kuuza. Na fidia ikipaswa kulipwa, ilipwe mapema, maana fidia iliyochelewa miaka hukuta bei ya kiwanja kingine imekwisha kukimbia.

Twajua ya kwamba baadhi ya wasomaji watasema, “Soko ni soko, anayejua apate, asiyejua ajifunze.” Twawajibu hivi. Ni kweli Uislamu haukuharamisha faida, na Mtume mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Mtu anunue kwa bei nafuu, ajenge, apangishe, apate, twamwombea baraka. Lakini ile thamani iliyoongezwa na barabara ya umma haikutoka katika mfuko wake wala katika mfuko wa yule mjane. Imetoka kwa watu wote. Basi angalau mwenye kuijua asiifiche kwa asiyeijua, wala asiifanye kuwa silaha juu ya mayatima. Faida iliyo wazi haimpunguzii mtu riziki aliyoandikiwa.

Siku moja kila mmoja wetu atapewa kiwanja chake cha mwisho, kifupi kwa upana na kwa urefu, nacho hakina bei ya njia panda wala ya bondeni. Hapo hatutaulizwa tulinunua kwa bei gani. Tutaulizwa tulimnunulia nani, na alikuwa anajua nini, na sisi tulikuwa tunajua nini.

Kijana anayesoma ukurasa huu jioni ya leo na akiba yake ndani ya bahasha, na asiende kesho kwa muuzaji. Kwanza aende kwa jirani mzee, kisha ofisi ya kijiji, kisha ofisi ya ardhi. Muuzaji awe wa mwisho. Na nyumba atakayoijenga, inshaallah, itamfaa yeye na watoto wake.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaikum.